Kupiga filamu ya watu na kunguru wa mjini: mwongozo kamili, kuanzia sokoni hadi nakala ya mwisho

Filamu nyingi za ndege wa mjini zina ndege, zina watu, ila hazina wote wawili kwa pamoja. Unamwona kunguru juu ya ukuta, kisha mtu amekaa kwenye kiti anaeleza, kisha kunguru tena. Mtazamaji anaambiwa kuna uhusiano lakini hauoni. Uhusiano unaonekana pale mmoja anapofanya jambo kwa sababu ya mwenzake, na wote wawili wamo ndani ya picha ileile: mama anayepara samaki anavuta gunia juu ya beseni bila hata kuinua macho, na kunguru aliyekuwa hatua mbili nyuma yake anageuka na kwenda kwa jirani. Picha kama hiyo ya sekunde nane inazidi mahojiano ya nusu saa. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa ili upate picha za aina hiyo, na usiziharibu ukishazipata.

Mfano tunaoutumia ni kunguru wa Dar es Salaam, kwenye soko la samaki la Feri, Kivukoni. Lengo ni filamu ya dakika 12, watu wawili kazini, kamera moja. Utaratibu huu unafaa pia kwa mwewe wa hapohapo Feri, au kwa makorongo marabu wanaotaga kwenye migunga karibu na mzunguko wa Nyayo jijini Nairobi na wanaozagaa majalalani Kampala.

Mjue ndege kabla ya kugusa kamera

Kunguru anayejaa Dar, Zanzibar na Mombasa ni yule mwenye shingo ya kijivu, Corvus splendens. Si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazaliana na kuvuka hadi bara. Mwenyeji ni kunguru mwenye kifua cheupe, mkubwa kidogo, ambaye amesukumwa pembeni sehemu nyingi za pwani. Ukichanganya hawa wawili kwenye filamu moja, yeyote anayejua ndege ataacha kukuamini hapohapo.

Kunguru huyu anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anaiba vifaranga vya kuku, anadonoa samaki. Serikali zinamhesabu kuwa mharibifu. Dar imewahi kumpunguza kwa mitego na sumu, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kumpunguza pwani kwa sumu iitwayo Starlicide. Basi usiingie sokoni ukiwa umeshaamua kwamba filamu yako ni ya upendo. Yupo anayemrushia utumbo wa samaki kila asubuhi, na yupo wa meza ya pili anayemlaani. Wote wawili wanaishi naye, na wote wawili wanastahili kuwemo. Wahenga walishasema kunguru hafugiki. Filamu isiyojaribu kumfuga ndiyo itakayosema kweli.

Mambo machache ya kibaiolojia yatakusaidia kupanga ratiba. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, huatamia kwa takribani siku 16 au 17, na makinda huondoka kiotani baada ya wiki tatu hadi nne. Kuanzia kubeba vijiti hadi makinda kutoka ni kama miezi miwili. Ukitaka kuonyesha msimu mzima, muulize mlinzi au mfagiaji wa eneo lini wanaanza kubeba vijiti. Mara nyingi anajua kwa uhakika, kwa sababu ndiye anayedonolewa kichwani kinda likianguka chini.

Wiki ya kwanza, daftari tu

Nenda sokoni siku tano mfululizo bila kamera. Fika saa kumi na mbili asubuhi, kaa sehemu moja, ondoka saa nne. Rudi siku mbili kati ya hizo saa kumi na moja jioni uone wanakwenda kulala mti gani. Kunguru hulala kwa makundi makubwa, na safari ya jioni kuelekea mtini ni picha utakayoitaka baadaye.

Kwenye daftari chora safu nne: saa, mtu alifanya nini, ndege alifanya nini, jua lilikuwa wapi. Safu ya nne watu huipuuza, kisha wanajuta, kwa sababu meza nzuri kuliko zote inaweza kuwa na jua usoni mwa lenzi saa ileile ambayo mambo yanatokea. Andika vitendo peke yake. “Anawapenda” si kitendo. “Anatenga mashavu ya samaki upande wa kushoto, anayatupa baada ya kufunga mzigo wa tatu” ni kitendo, na unaweza kukisubiri kesho.

Siku ya tano utakuwa umeona nani ana mazoea na ndege hawa. Chagua wawili: mmoja mwenye mazoea ya kuwapa, mmoja anayepambana nao. Mtu wa tatu akijitokeza, mfagiaji au mvuvi, ni faida. Zaidi ya hapo dakika 12 hazitatosha.

Kuhusu ndege mmoja mmoja uwe mkali. Kunguru hawa wanafanana mno. Usiseme “huyu ndiye anayekuja kila siku” ila kama ana alama: kidole kilichokatika, mdomo uliopinda, unyoya wa bawa usioota. Piga picha ya alama hiyo kwa karibu kila siku unayomwona, na uiwekee tarehe. Kosa linalojirudia kwenye filamu za aina hii ni kunguru watatu kuhaririwa wawe mmoja. Kama huna alama, mwache mhusika aseme kwamba anamtambua, na filamu ibaki kusema kwamba yeye ndiye anayesema hivyo.

Vibali na heshima

Tanzania Bara, omba kibali Bodi ya Filamu kabla ya kupiga. Zanzibar ni Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Ukishapata, nenda kwa uongozi wa soko na nakala, kisha kwa mwenye meza mwenyewe. Karatasi ya bodi haimlazimishi mama wa meza ya pembeni kukubali sura yake ionekane.

Feri ina jambo lake: Ikulu ya Magogoni ipo jirani, na kivuko kipo hapohapo. Usielekeze lenzi ndefu upande huo hata kama kunguru ndiko aliko. Droni sahau kabisa. Mbali na sheria za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mwewe huishambulia na kunguru huizunguka kwa makelele, kwa hiyo unachokipata ni picha ya ndege waliokasirishwa na droni.

Malipo yanahitaji akili. Kumlipa mhusika kwa muda anaopoteza ni haki, na mkubaliane kiasi kabla ya kazi, kwa siku au kwa kazi nzima. Usilipe kwa tukio. Ukitoa pesa kila anapowarushia kunguru chakula, kesho atawarushia mara kumi, na hutakuwa unarekodi maisha yake tena. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti, na sauti hiyo irekodiwe. Wengine hawapendi kusaini makaratasi lakini wanasema ndiyo bila kusita. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi.

Vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kuweka mwanga kwa mkono inatosha. Kunguru wa sokoni humvumilia mtu kwa mita tatu hadi tano, kwa hiyo huhitaji lenzi kubwa ya mbugani: moja pana ya milimita 35 hivi, na moja ya kuvuta, 70–300. Simu nzuri yenye lenzi ya kuvuta mara tatu inaweza kubeba filamu yote isipokuwa mti wa kulala. Ongeza filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi), stendi fupi, maikrofoni ndogo ya kubana shatini, maikrofoni ya mwelekeo yenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo wa bahari, kinasa sauti, na vitambaa vikavu vingi, kwa sababu chumvi na magamba hufika kila mahali.

Kumbukumbu ipigie hesabu mapema. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Filamu ya dakika 12 yenye uwiano wa 20 kwa 1, yaani dakika 20 za kurekodi kwa kila dakika ya filamu, inahitaji saa nne za picha, yaani gigabaiti 180, na nakala ya pili ya kiasi hichohicho kwenye diski inayolala nyumba nyingine. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuchezwa.

Ndege mweusi, anga jeupe

Hapa ndipo picha nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukiiacha kamera ijiamulie mwanga, itakosea kwa njia mbili zinazopingana. Kunguru akiwa mdogo kwenye fremu, juu ya ukuta mweupe au mbele ya anga, kamera inaona mwangaza mwingi, inapunguza, na ndege anakuwa doa jeusi lisilo na jicho. Kunguru akijaza fremu, kamera inaona giza, inaongeza, na manyoya yanageuka rangi ya majivu huku magamba na saruji iliyolowa vikiungua kabisa, yaani vikibaki weupe mtupu. Mbaya zaidi, akiruka toka hali moja kwenda nyingine, mwanga unapanda na kushuka katikati ya picha.

Weka kila kitu kwa mkono. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50. Hii pia inaendana na umeme wetu wa hezi 50, kwa hiyo taa za mirija chini ya paa la soko hazitapepesa. Uwazi wa lenzi f/5.6 hadi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini ya kamera yako, kisha punguza mwanga uliobaki kwa ND badala ya kuongeza kasi ya shata. Shata ya 1/1000 hufanya mbawa zionekane zikikatika-katika. Kwa mruko wa polepole tumia fremu 100 na shata 1/200.

Sasa tafuta kipimo. Kunguru huyu amekuja nacho shingoni. Ule ukosi wa kijivu, ukiwa kwenye mwanga uleule wa mwili, uweke karibu asilimia 40 hadi 50 kwenye kipimo cha kamera. Weusi wa bawa utabaki na maumbo ya manyoya, na meza nyeupe itaponea chupuchupu. Washa milia ya zebra kwa asilimia 95 ili uone kinachoungua. Ikibidi kuchagua, acha anga liungue na uokoe ndege.

Simama pale jua linapompiga kwa ubavu. Novemba jua la Dar huchomoza karibu saa kumi na mbili, Julai karibu saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye mwanga unaokuja kwa mlalo, na ni wakati wa mnada na kupara samaki. Kwenye mwanga huo weusi unatoa zambarau na bluu, na jicho linapata nukta ya nuru. Bila nukta hiyo jicho jeusi kwenye kichwa cheusi halionekani, na mtazamaji hawezi kujua ndege anamtazama nani. Subiri kichwa kigeuke. Kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri fanya kazi chini ya paa au fanya mahojiano.

Mfumo wa kufuata macho ya wanyama mara nyingi humpoteza kunguru na kuhamia kwenye ndoo. Tumia nukta moja ya fokasi kwenye shina la mdomo. Kwa simu, gusa na ushikilie ili fokasi na mwanga vifungwe.

Kupata wawili kwenye fremu moja

Kaa chini. Ndoo iliyogeuzwa ndiyo kiti chako, kamera sentimita 40 hadi 60 kutoka ardhini, lenzi pana, mita moja na nusu hadi mbili kutoka mezani. Kwa kimo hicho mikono ya mtu na mwili wa ndege vinakuwa usawa mmoja. Ukisimama, unapata utosi wa mtu na mgongo wa ndege.

Weka fremu, kisha usiiguse kwa dakika tatu hadi tano. Kumfuata kunguru kwa kamera ni kumkosa kila mara, kwa kuwa anaruka kabla mkono wako haujaamua. Ukiwa na fremu tulivu, yeye ndiye anayeingia na kutoka, na mhariri atakushukuru. Baada ya kupata tukio zima, rudia siku nyingine kwa lenzi ndefu: kisu, vidole, mdomo, gunia, miguu ya ndege kwenye ubao wenye maji.

Usiwarushie chakula. Hata mara moja, hata kipande cha mkate. Kunguru hujifunza haraka sana nani ana chakula. Jamii nyingine ya kunguru, ile ya Marekani, ilijaribiwa mwaka 2006 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliowakamata wakiwa wamevaa vinyago, na ndege hao waliendelea kukitambua kinyago hicho kwa miaka. Ukiwalisha, ndani ya siku chache watakuja kwako badala ya kwa mhusika. Watatazama lenzi. Picha zote zitaonyesha ndege wanaosubiri mpiga picha, na wachuuzi watakuwa na haki ya kukufukuza, kwa sababu umewaongezea wezi.

Vivyo hivyo usimwombe mhusika arudie tendo. Ukikosa, kesho ipo. Mazoea ya kweli hujirudia yenyewe, na yasiyojirudia yawezekana hayakuwa mazoea.

Kwenye kiota piga kwa lenzi ndefu kutoka mita 15 au zaidi, chini, bila kupanda. Viota vya mjini huwa na nyaya ndani, mabaki ya ujenzi waliyookota, na vingine viko kwenye nguzo za umeme. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosogea. Wazazi wakianza kukupigia kelele na kukushukia, umeshakaribia mno: ondoka dakika hiyohiyo. Ndege mfu usimguse kwa mkono mtupu, na baada ya siku nzima kwenye vinyesi na utumbo wa samaki, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Ukibahatika kurekodi zoezi la mitego, onyesha linavyofanya kazi. Mtego ni kizimba kikubwa cha waya chenye mlango wa juu unaofanana na ngazi: ndege huteremka akiwa amekunja mbawa, lakini hawezi kupanda akiwa amezikunjua. Ndani huachwa kunguru hai wachache wenye maji na chakula ili kuwavuta wengine. Usiweke muziki wa huzuni hapo. Sauti ya kizimba inatosha, na anayeendesha zoezi apewe nafasi ya kueleza kwa nini.

Mahojiano na sauti

Mhoji mtu mikono ikiwa kazini. Uliza kuhusu vitendo: “Mama, wakija asubuhi wanaanza kukaa wapi?”, “Ukichelewa kufika inakuwaje?”, “Kaka, mwaka huu wamekuharibia nini?”, “Nani alikufundisha kufunika na gunia?” Swali la “unawapendaje ndege hawa?” huzaa jibu la kukupendeza wewe. Baada ya jibu nyamaza sekunde tano; sentensi inayofuata ndiyo huwa nzuri.

Soko lina injini, redio na makelele ya mnada, kwa hiyo maikrofoni ya shatini ni lazima, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, ndani ya mtandio ikibidi, lakini sikiliza kwanza kitambaa kisikwaruze. Rekodi hezi 48,000 na biti 24, vilele vikicheza kati ya desibeli -12 na -6. Kunguru akilia karibu na maikrofoni, kipimo cha sauti huruka juu ghafla. Acha nafasi hiyo. Kila unapohamia sehemu mpya, rekodi dakika nzima ya mazingira bila mtu kuongea. Jioni tundika kinasa sauti karibu na mti wa kulala kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja usiku. Kelele zinavyopanda kisha kukatika giza likiingia ni malighafi huwezi kuitengeneza mezani.

Kuhariri

Usianze na mahojiano. Pitia saa zote nne na utoe kwanza picha zenye mtu na ndege wakijibizana. Ukipata dakika nane za hizo, una filamu. Ukipata dakika mbili, rudi sokoni. Hakuna maneno yatakayoziba pengo hilo.

Mpangilio rahisi na wenye nguvu ni siku moja ya soko: alfajiri, mnada, kupara, mchana, safari ya mtini. Picha zinatoka wiki kadhaa, kwa hiyo chunga vitu vitatu visigongane: khanga au shati, maji ya bahari nyuma kama yamejaa au yamekupwa, na upande wa kivuli. Usimwombe mtu avae nguo ileile kila siku. Panga picha za siku moja ziwe pamoja. Mahojiano yaingie kama sauti juu ya vitendo, na sura ya anayeongea ionekane mara chache.

Sauti ya kunguru iwe ya hapohapo. Maktaba za sauti mtandaoni zimejaa kunguru wa Ulaya na Marekani, ambao mlio wao ni mwingine kabisa, na mtu wa Kariakoo atasikia tofauti hata kama hawezi kuieleza.

Maandishi ya chini yawe mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, yakae sekunde moja hadi sita. Sauti nzima ipimwe kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika: -14 kwa mtandaoni, -23 kwa televisheni.

Kabla ya kuitoa, wakusanye wahusika na uwaonyeshe filamu yote, yule anayewapa na yule anayewafukuza. Wakikuambia umekosea jina la samaki, bei, au tabia ya ndege, sahihisha. Wakikuambia wameonekana vibaya, sikiliza na mzungumze picha kwa picha. Kisha wape nakala yao. Kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, dakika 12 ni kama megabaiti 225. Itume WhatsApp kama faili, si kama video, maana ikienda kama video itabanwa na weusi wa manyoya uliouhangaikia utageuka viraka. Asiye na nafasi kwenye simu mpelekee kwenye flashi.